Madini ya Nyota

Mtoto wa Katuba ajua shaba: waya wake ukiungua katika mbabula, moto hugeuka kijani. Kila aina ya madini ina rangi zake. Katika nyota, mvuke wa madini humeza rangi hizo, na nuru ikipita katika kioo cha pembe tatu huonyesha mistari myeusi. Kwa mistari hiyo Padre Angelo Secchi wa Roma alizipanga nyota, miaka ya 1860.

Mwaka 1951 Chamberlain na Aller wa Marekani walichunguza nyota mbili zenye mistari michache mno. Je, madini ni haba, au joto ni kali? Maana joto kali nalo hufuta mistari! Basi mng'ao hupimwa kwa kioo cha buluu, kisha kwa kioo chekundu. Nyota yenye joto kali huzidi katika buluu. Zile mbili hazikuwa na joto kali hivyo. Chuma ndicho kilichopungua. Ni nyota za kale, zilizozaliwa kabla madini mengi hayajapikwa ndani ya nyota nyingine.