Majani na Kunde Katika Shamba Moja

Watu wa Karagwe na Kyerwa wajua tangu zamani ya kuwa ng'ombe ndiye ailishaye migomba, maana samadi yake hutiwa kibanjani na ndizi huzaa vema. Lakini ng'ombe mwenyewe alishwe nini?

Mabingobingo humea upesi, lakini yakipandwa peke yake na kukatwa kila mara, humaliza nguvu ya udongo. Basi, panda kati ya mistari yake desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Ukiung'oa mche mmoja, utaona vinundu vidogo mizizini. Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hutwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mizizi na majani yake yaozapo, mabingobingo nayo hupata sehemu. Tena ng'ombe alaye vyote viwili huzidi maziwa.

Panda mvua zianzapo. Palilia mapema, kwani desmodiamu hukua polepole mwanzoni. Usiikate hata chini kabisa, wala usimfungulie ng'ombe shamba changa. Mwenye pupa hulisha mara moja, kisha hubaki na udongo mtupu.

Maswali
1. Vinundu vya mizizini vina kazi gani?
2. Kwa nini shamba changa halilishwi?