Usikimbilie "Wasiwasi": Namna ya Kulitafsiri Neno "Worry"

Ukikutana na neno la Kiingereza "worry", weka kalamu chini kwanza. Tazama maandishi ni ya lini, kisha uliza nani anamtenda nani.

Neno hili lilianzia shingoni. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa "wyrgan", yaani kunyonga. Wajerumani wangali na ndugu yake, "würgen", kwa maana hiyo hiyo. Baadaye likahamia kwa mbwa na mbwa mwitu: kumkamata kondoo kooni kwa meno na kumtikisa. Kisha likaingia kwa watu, likawa kumwandama mtu hadi akose raha. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake London mwaka 1755, bado alilieleza kwa mnyama anayerarua windo na kwa mtu anayemtesa mwenzake. Maana ya mtu kuketi peke yake akijitafuna moyoni, pasipo yeyote kumgusa, ilienea karne ya 19.

Kwa hiyo katika maandishi ya kabla ya 1800, jaribu kwanza "kurarua" au "kuandama". Wala usidhani maana hiyo imekufa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa inalitumia neno hili hili kwa mbwa anayeshambulia au kukimbiza mifugo. Ukiandika kwamba mbwa "aliwatia kondoo wasiwasi", umemdhulumu mfugaji aliyeokota mizoga asubuhi.

Kipimo kizuri kimo katika lugha yetu wenyewe: "sumbua" na "sumbuka". Kiingereza hutumia umbo moja kwa yote mawili. Sisi tunabadili kiishio. Sentensi ikikubali "sumbua", kuna anayetendwa, basi mtafute. Ikikubali "sumbuka" tu, jambo limo moyoni mwa mtu, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. "Wasiwasi" asili yake Kiarabu, na huko ni mnong'ono. Linafaa kwa shaka inayorudi rudi sikioni. Mwenye kuogopa kitu anachokijua ana hofu. Mama ambaye mtoto wake hajarudi na giza limeingia, roho yake iko juu, na ukimwandikia "ana wasiwasi" umempunguzia uchungu wake. Mimi ningeandika "roho juu" bila kusita, hata katika tafsiri rasmi.

Ukitaka zoezi, fungua Mathayo sura ya 6 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, halafu katika tafsiri ya Kiingereza ya siku hizi. Katika ile ya kwanza hutalikuta neno hili. Katika nyingi za leo utalikuta. Ziweke kando ya Biblia yako ya Kiswahili, usome zote tatu kwa sauti.