Nguvu Isiyoonea: Kumlea Kijana Mwoga Katika Judo

Kijitabu kwa wazazi, walezi, walimu na vijana

Kwa nini tunazungumzia jambo hili

Kijana mwoga hukaa nyuma darasani, hujibu kwa sauti ya chini na huzunguka njia ndefu kuwakwepa wanaomwonea. Wazazi wengi humpeleka kwenye mazoezi ya kujihami ili ajue kupiga. Lakini akifundishwa kupiga tu, woga huweza kugeuka ubabe, na aliyeonewa jana akawa mwonevu kesho. Ujasiri na huruma vifundishwe pamoja, tangu siku ya kwanza, na judo ni njia mojawapo ya kufanya hivyo.

Kijana aliyeanzisha judo

Kano Jigoro alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, na katika shule ya bweni jijini Tokyo wenzake wenye nguvu walimwonea. Akataka kujifunza jujutsu, sanaa ya kale ya kujihami iliyokuwa imeanza kudharauliwa. Watu wazima aliowaomba wamfundishe walimkatalia. Kwa kuwa baadhi ya mabingwa wa zamani waliishi kwa kazi ya kuunga mifupa, aliwatafuta waunga mifupa, hata mwaka 1877 akampata mwalimu Fukuda Hachinosuke.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, Kano alifungua shule yake ya judo, Kodokan, katika hekalu la Eishoji. Mbinu za hatari za jujutsu aliziondoa katika pambano la mazoezi, ili mtu aweze kutumia nguvu zake zote bila kumvunja mwenzake. Alisisitiza mambo mawili: nguvu itumike kwa manufaa, na mtu afanikiwe pamoja na wenzake. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964, Tokyo.

Huruma hufanyiwa mazoezi

Somo la kwanza la judo ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono ukipiga mkeka. Kijana akishajua kwamba anaweza kuanguka na kuinuka salama, sehemu kubwa ya woga humtoka.

Anayebwaga huendelea kushika mkono wa nguo ya mwenzake ili asitue vibaya. Anayekabwa akigonga mara mbili, mwenzake humwachia papo hapo. Pambano huanza na kuisha kwa kuinamiana. Mwili wa mwenzako umewekwa mikononi mwako, na wako mikononi mwake. Ukimwumiza, umempoteza mtu wa kufanya naye mazoezi. Kijana anayerudia hayo kila wiki hujizoeza kujizuia hata akiwa na uwezo wa kuumiza.

Mzazi, kabla ya kumwandikisha

- Keti utazame kipindi kizima. Mwalimu anayewakataza wazazi kutazama, mwepuke.
- Angalia kama wanaoanza hufundishwa kuanguka kabla ya kubwagwa.
- Angalia kama mtoto mwepesi hupambanishwa na mzito kupita kiasi.
- Sikiliza lugha. Mwalimu anayemwita mtoto mwoga mbele ya wenzake anaongeza jeraha.
- Usimlazimishe. Mwache kwanza atazame, aingie akiwa tayari.

Kijana, haya ni yako

- Ukiogopa, mwambie mwalimu. Hata mwenye mkanda mweusi huhisi hofu.
- Gonga mapema. Kugonga si aibu.
- Akija mgeni mwenye woga, mwombe mfanye mazoezi pamoja, nawe mbwage taratibu.
- Nje ya mkeka, ushindi wa kwanza ni kuondoka salama. Mbinu hutumika pale tu usipoweza kukimbia wala kupata msaada.

Mazoezi hayaondoi wajibu wa watu wazima

Mtoto anayeonewa asiachwe apigane peke yake. Mwalimu wa darasa, uongozi wa shule na mzazi wakutane, uonevu ukomeshwe, naye anayeonea asaidiwe kubadilika. Kwa walio Tanzania au Kenya, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo. Ukiona mtoto anaumizwa, iwe shuleni, nyumbani au ukumbini mwa mazoezi, piga leo.