Somo la Robo Hii: Tutembee Udzungwa, Tujifunze Kutunza Maji

Ndugu wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Sisi wa Chilangala na vijiji vingine vya Newala tunaijua thamani ya ndoo moja ya maji. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha, udongo wa kichanga huyanywa maji, nayo hutokea chini kwenye chemchemi za miteremko. Kabla ya mabomba, akina mama waliyafuata huko na kupanda nayo kichwani. Hata leo ni lazima yasukumwe kwa pampu.

Kwa hiyo, kamati inayopanga safari ya mafunzo tunaishauri iende Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990. Mnapita Dar es Salaam na Morogoro hadi Mikumi, kisha mnashika barabara ya Ifakara mpaka Mang'ula, kwenye makao makuu. Hifadhini wageni hutembea kwa miguu na mwongozaji. Yapo mambo matatu ya kuona:

1. Maporomoko ya Sanje. Maji huanguka jumla ya mita 170 kwa hatua tatu. Msitu ulio juu hupokea mvua, mizizi huifungulia njia ardhini, na maji hutoka polepole hata kiangazi.

2. Wanyama wa msitu. Mbega mwekundu wa Udzungwa na kima wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, huishi porini katika milima hii na maeneo ya jirani tu. Msitu ukiisha, nao wamekwisha.

3. Vijiji vya pembezoni. Hapa ndipo penye somo gumu. Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa, na kila kaya ikabidi itafute kuni kwingine. Katazo linaweza kuanza asubuhi, lakini jioni ile ile mama anatakiwa apike.

Tukirudi nyumbani, twende Shimo la Mungu pale Newala, ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma huonekana hadi Msumbiji. Wageni hufika kufurahia mandhari. Sisi tutazame pia miteremko: miti ikikatwa na mashamba yakilimwa hadi kwenye vyanzo, mmomonyoko utafukia chemchemi zetu.

Kwa wafadhili tunasema hivi: mnapochangia miche, changieni na majiko yanayotumia kuni chache. Mche hauwezi kukua mahali ambapo kuni za leo hazijapatikana.

Maswali ya kujadili katika kamati:

- Chemchemi iliyo karibu nasi ni ipi, na nani anailinda?
- Kuni za kaya zetu zinatoka wapi, na miaka 10 ijayo zitatoka wapi?
- Kabla hatujafunga eneo la chanzo, akina mama wanaolitegemea tumewasikiliza? Tutawapa nini badala yake?

Tunaomba kila kamati iandike majibu yake na kuyaleta kwenye kikao kijacho cha miradi.