Bomba la Jikoni Likivunjika Sakafuni



Katika somo la leo tutajifunza kutengeneza bomba la maji machafu ya jikoni. Bomba hili hushuka kutoka kwenye karo la kuoshea vyombo. Huingia sakafuni, hupita chini ya sakafu, na kupeleka maji kwenye shimo lililo nje.

Bomba hili huvunjika mara nyingi pale linapoingia sakafuni. Hapo hugongwa na ndoo, kuni na miguu ya watu. Ufa ukiwa mdogo, wengi wetu hufunga kitambaa au mfuko wa nailoni, kisha tunaendelea na kazi. Kitambaa hakizuii maji. Kinaficha tu mahali yanapovuja.

HATARI YAKE NI NINI?

Maji yanayovuja hayapotei. Mengine huingia chini ya sakafu. Mengine hutokea kando ya ukuta na kufanya dimbwi. Maji hayo yana makombo na mafuta, kwa hiyo huvuta nzi, mende na panya. Nzi huleta uchafu wa chooni kwenye chakula, na watoto huharisha. Kama nyumba ni ya matofali ya udongo, ukuta hulainika chini na kupasuka.

Hatari nyingine ni mbu. Wako watu wanaosema, "Mbu wa malaria hapendi maji machafu. Basi maji ya jikoni hayana neno." Ni kweli kwamba mara nyingi mbu wa malaria hutaga katika maji yasiyo machafu sana. Lakini yuko mbu mwingine, aitwaye kuleksi. Yeye hupenda maji machafu. Katika sehemu za joto, yai lake huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 10 hivi.

Mbu huyu huuma usiku. Katika pwani ya Afrika Mashariki yeye ni mmoja wa mbu wanaoeneza matende. Matende huletwa na minyoo midogo sana. Minyoo hiyo hukaa mwilini kwa miaka mingi. Mwishowe mguu huvimba. Wanaume wengine hupata mabusha. Mguu ukishavimba sana, ni vigumu kurudi kama ulivyokuwa. Mkulima mwenye mguu huo hawezi kulima kama zamani.

Tuzibe ufa mapema, kabla mbu hawajazaliana.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

1. Kipande cha bomba la plastiki. Unene wake uwe sawa na wa bomba la zamani.
2. Soketi moja ya kuunganisha.
3. Gundi ya mabomba ya plastiki.
4. Msumeno wa chuma na msasa.
5. Nyundo na tindo.
6. Saruji kidogo, mchanga na mwiko.

Chukua kipande cha bomba lililovunjika uende nacho dukani. Hapo hutakosea kipimo.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza, zima moto wote jikoni. Fungua mlango na madirisha. Gundi ya mabomba hushika moto haraka, na harufu yake ni kali. Watoto wakae mbali.

Pili, usimwage maji kwenye karo. Fungua nati iliyo chini ya karo, uondoe bomba la juu.

Tatu, vunja saruji taratibu kuzunguka bomba kwa nyundo na tindo. Chimba mpaka uone bomba zima, lisilo na ufa, kiasi cha sentimita 10. Usipige bomba lenyewe. Ziba mdomo wake kwa kitambaa ili vipande vya saruji visiingie ndani.

Nne, kata sehemu yenye ufa kwa msumeno. Kata moja kwa moja, usikate mshazari. Sugua mdomo wa bomba kwa msasa. Ufute mpaka uwe safi na mkavu. Kisha toa kile kitambaa.

Tano, kata bomba jipya. Liunganishe na soketi kwanza bila gundi, uone kama linafika kwenye karo. Kisha litoe. Paka gundi nje ya bomba na ndani ya soketi. Sukuma huku ukizungusha kidogo, ushike kwa nusu dakika. Rudisha nati ya juu kwa kukaza. Hapo usipake gundi, ili uweze kufungua siku bomba likiziba.

Sita, acha mpaka kesho yake. Kisha mimina ndoo moja ya maji kwenye karo. Shika kiungo kwa mkono mkavu. Mkono ukilowa, bado kinavuja. Usifunike kwa saruji mpaka kiwe kikavu kabisa.

Saba, changanya saruji kipimo 1 na mchanga vipimo 3. Jaza shimo. Inua saruji kidogo kuzunguka bomba iwe kama kingo, ili ndoo zisiligonge tena. Ilowanishe maji kwa siku 3.

ONYO

Wengine hupasha bomba kwa moto ili kupanua mdomo wake. Usifanye hivyo. Bomba huwa jembamba na dhaifu, na moshi wake ni sumu. Vipande vilivyobaki pia usivichome.

Kama ufa umeingia mbali chini ya sakafu, mwite fundi.

TAZAMA NA NJE

Bomba zima halitoshi kama maji yanaishia kwenye dimbwi. Maji yaingie katika shimo lililojazwa mawe na kufunikwa. Shimo liwe mbali na kisima, angalau mita 30. Weka chujio kwenye tundu la karo ili makombo yasizibe bomba.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha wananchi wa Tanzania kwa redio na kwa vikundi vya kisomo. Watu walichimba vyoo na kufukia madimbwi kwa mikono yao. Kazi ya leo ni ya namna hiyo hiyo, na inaanzia jikoni mwako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kufunga kitambaa hakutoshi?
2. Ni mbu gani anayependa maji machafu, naye huleta ugonjwa gani?
3. Kwa nini tunazima moto kabla ya kufungua gundi?
4. Maji ya jikoni kwako yanaishia wapi? Nenda ukaangalie leo, kisha uwaeleze wenzako.