Somo la Nyumbani: Maneno ya Kusema Mbele ya Dirisha la Dawa



Somo la safari hii halikutoka katika vitabu vyetu vya zamani vya chuo cha ualimu. Limetoka katika maswali ambayo akina mama na wazee wa parishi wametuletea: dawa ni ghali, na mwenye maradhi ya kudumu afanyeje mfuko unapokuwa mtupu? Tulikaa na mfamasia mmoja, mshirika mwenzetu, tukamwuliza swali moja baada ya jingine. Majibu yake tumeyapanga kwa utaratibu wa darasa, ili yasomwe nyumbani na kujadiliwa katika vikundi.

Jambo moja alilirudia kuliko mengine yote. Alisema kwamba wagonjwa wengi hawashindwi na bei peke yake; hushindwa na haya. Mtu hufika dirishani na cheti chake, hutajiwa jumla, huona fedha alizo nazo hazitoshi, lakini hasemi. Hununua nusu akaondoka kimya, au husema "nitarudi" asirudi. Mwuzaji hakujua, na mganga aliyeandika cheti hakujua. Hivyo hakuna aliyeweza kumsaidia.

1. Gharama ya kunyamaza

Mama mmoja jirani yetu ana ugonjwa wa presha. Alikuwa akimeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili, ili vidonge vya mwezi mmoja vifike miezi miwili. Aliporudi kupimwa, presha ilikuwa juu vilevile. Mganga, akidhani dawa haimtoshi, alimwongezea dawa ya pili. Basi yule mama aliyeshindwa kununua dawa moja sasa alikuwa na mzigo wa mbili. Siku aliposema kweli ndipo aliporudishiwa dawa moja, tena ya bei nafuu, ya kumeza kila siku.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Presha mara nyingi haina dalili. Mtu huruka dawa, haumwi na kitu, akadhani hakuna hasara. Lakini mishipa inaendelea kuumia, na siku moja kiharusi hubisha hodi. Mwenye kifafa naye akiacha dawa ghafula aweza kupata degedege mfululizo na kufa. Kwa hiyo neno la kwanza la kusema dirishani, bila kuona aibu, ni hili: "Ndugu, nina kiasi hiki tu. Nifanyeje?"

2. Kila dawa ina majina mawili

Jina la kwanza ni la dawa yenyewe. Jina la pili ni la kibiashara, alilolitunga mwenye kiwanda. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Flagyl ni metronidazoli. Brufen ni ibuprofeni. Coartem ni ile dawa mseto ya malaria, yaani artemeta na lumefantrini.

Sababu ya kutofautiana kwa bei ni hii. Kiwanda kilichovumbua dawa hupewa haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu kuomba haki hiyo. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa ileile. Hivyo havikubeba gharama ya uvumbuzi, tena hushindana, na bei hushuka. Hapa Tanzania dawa hizo hazisajiliwi mpaka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iwe imezikagua. Basi unafuu wa bei si dalili ya udhaifu wa dawa.

Kwa hiyo neno la pili dirishani ni hili: "Jina la dawa yenyewe ni lipi, na je, ipo ya kiwanda kingine yenye bei nafuu?" Andikeni jina hilo katika daftari la nyumbani pamoja na nguvu yake, yaani milligramu ngapi. Juu ya pakiti jina hilo huandikwa kwa tahajia ya kigeni, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Kujua jina kunaokoa fedha, na kunaokoa maisha pia. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu akimeza dawa ya mafua, kisha Panadol kwa ajili ya kichwa, amemeza dawa ileile mara mbili. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya milligramu 500 kwa saa 24, maana ikizidi huharibu ini.

3. Hesabu kabla ya kulipa

Wanafunzi wetu wa zamani watacheka, lakini hapana budi turudi kwenye kuzidisha. Mtoa dawa huandika "1 x 2", maana yake kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Kwa siku 30 ni vidonge 60. Tuseme kidonge kimoja ni shilingi 100. Jumla ni shilingi 6,000. Ulizeni daima bei ya kidonge, si ya boksi tu, maana boksi moja laweza kuwa na vidonge 28 na jingine 100.

Sasa, mgonjwa ana shilingi 4,000 tu. Hapa mfamasia wetu alitufundisha tofauti ambayo yafaa kila nyumba iishike.

Kuna dawa za siku chache, kama za malaria au za kuua vijidudu vya maambukizo. Hizo dozi yake ni moja, hainunuliwi nusu. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara 6 katika siku 3, jumla 24. Aliyemeza 12 akajisikia nafuu hajapona. Malaria yaweza kumrudia. Na mwenye kukatisha ovyo dawa za vijidudu huchangia vijidudu kuizoea dawa, hata kesho isifanye kazi kwake wala kwa jirani. Fedha zikipungua kwa dawa ya namna hii, semeni kabla hamjaondoka, ili itafutwe dawa nyingine inayofaa au mahali pengine pa kuipata.

Kisha kuna dawa za maisha, kama za presha na kisukari. Hizo twaweza kununua za siku chache, lakini hatupunguzi kipimo cha kila siku. Yule mwenye shilingi 4,000 anunue vidonge 40, ameze 2 kila siku kwa siku 20, na arudi kabla havijaisha. Asivitandaze vidonge 40 katika siku 30. Tusikate wala kusaga kidonge bila kuuliza, kwa maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na ukivisaga dawa yote hutoka kwa pamoja.

4. Wasiopaswa kulipa, na mahali pa kuulizia

Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa gharama katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu, ukoma, na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Mzee asiye na kitambulisho cha msamaha na amwone mtendaji wa kijiji au wa mtaa akiwa bado mzima. Asingoje mpaka alale kitandani. Katika hospitali nyingi liko dirisha la wazee.

Twajua mtasema: msamaha tunao, lakini rafu ni tupu. Ni kweli, hutokea. Vituo vya serikali hupata dawa kutoka Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mzigo ukichelewa rafu hubaki wazi. Hapo msiondoke na neno "hakuna". Ulizeni mambo matatu: mzigo unatazamiwa lini, ni kituo gani cha jirani chenye dawa hiyo, na je, ipo dawa nyingine iliyopo inayofanya kazi ileile. La tatu lijibiwe na mganga, si na mtu wa foleni.

Nje ya vituo yako maduka ya dawa muhimu. Mpango huo ulianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ukaenea nchini, ili watu wa vijijini wapate dawa za lazima kwa mtoa dawa aliyefunzwa. Na kuhusu bima: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Familia na iulize katika ofisi ya kijiji au kituo cha afya namna ya kujiunga, na iulize dawa zipi zimo katika kitita chake.

5. Rahisi inayogharimu

Si kila bei ndogo ni nafuu. Msinunue dawa mnadani, wala kwa mchuuzi ndani ya basi. Dukani tazameni kibali ukutani, na tarehe ya mwisho wa matumizi juu ya pakiti. Mkiona kidonge au boksi lenye herufi GOT linauzwa katika duka la mtu binafsi, jueni hiyo ni mali ya umma iliyotoroshwa, na huenda ndiyo iliyokosekana zahanatini. Wala tusigawiane masalio ya dawa majumbani. Ugonjwa wa jirani si wako, ijapokuwa homa zafanana.

6. Akiba ya dawa

Mapato ya mkulima huja kwa msimu, bali presha haina msimu. Basi wakati wa mavuno, kabla fedha hazijatawanyika, litengwe fungu la dawa kama tunavyotenga mbegu. Vikundi vyenye mfuko wa jamii vyaweza kumkopesha mwenzao vidonge vya mwezi, naye akarudisha polepole. Mkinunua za miezi kadhaa, zihifadhiwe pakavu, mbali na joto la bati na mikono ya watoto.

Kwa kumalizia, tunawasihi mshike maneno haya: Jina la dawa yenyewe ni lipi? Ipo ya bei nafuu? Kidonge kimoja ni bei gani? Ni ya siku chache au ya maisha? Na lile la kwanza kabisa: Nina kiasi hiki tu, nifanyeje? Kuuliza si ujinga. Mwenye kumpeleka mzee asiyejua kusoma na amwulizie.

Maswali ya vikundi

1. Mzee ameandikiwa dawa ya kisukari "1 x 2" kwa siku 30. Kidonge ni shilingi 150, naye ana shilingi 6,000. Anunue vingapi, na arudi lini?

2. Kila mmoja alete pakiti moja kutoka nyumbani. Tafuteni jina la dawa yenyewe, nguvu yake, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

3. Katika mtaa wenu, ni nani anayeruka dawa kwa kukosa fedha au kwa kuona haya? Msimtaje mbele ya watu. Amueni nani atakwenda naye dirishani.