Subaru ya otomatiki ikichelewa kuitika

Ukikanyaga mafuta kwenye Subaru Legacy GT ya otomatiki ikasita kabla ya kuchomoka, usikimbilie kununua kile kifaa cha kuchangamsha pedali. Kinabadilisha ishara ya pedali tu; nguvu ya injini inabaki ileile. Anza na swichi ya SI-Drive, ile ya kuchagua hali ya uendeshaji, kama gari lako linayo: ikiwa kwenye I, kompyuta hupunguza makali kwa makusudi. Weka S au S#.

Ikiendelea kusita, kagua chujio la hewa, safisha throto, kisha chunguza kwa makini mabomba ya turbo, maana hata ufa mdogo huvujisha presha. Oili ya gia iliyochakaa nayo huchelewesha. Turbo yenyewe hungoja injini ipandishe mizunguko, hivyo unapotaka kulipita lori, shusha gia mapema.